Kisiwa cha Changuu: Gereza, Karantini na Mapumziko ya Watu wa Mjini

Mji wa Unguja, tangu Seyyid Said bin Sultan alipoufanya makao yake, haukupata kuwa mji wa kukaa tu. Kila mwenye uwezo alikuwa na mguu mmoja mjini na wa pili shamba. Joto la vichochoro, harufu ya ufukwe wakati wa maji kupwa, na maradhi yaliyokuwa yakirudi mwaka hata mwaka, yaliwafanya watu watafute mahali pa karibu pa kulala siku chache na kurejea. Seyyid mwenyewe alikaa zaidi Mtoni, kaskazini ya mji. Binti yake Salme, aliyezaliwa huko mwaka wa 1844, alikieleza kitabuni mwake cha 1886 kile kibanda kikubwa cha mviringo kilichojengwa mbele ya nyumba, kikiikabili bahari, ambamo baba yake alikuwa akitembea huku na huku akiwa na fikira zake. Huko Kidichi, juu ya kilima katikati ya mikarafuu, ilijengwa hamamu ili wakubwa wapate kujiburudisha baada ya kuwinda na kukagua mashamba.

Mwanawe, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliizidisha desturi hii kwa majumba ya Chukwani, Chuini na Marahubi. La Chukwani lilikuwa hasa la kupatia nafuu baada ya ugonjwa, kwa kuwa hewa yake ilisifiwa. Mwaka wa 1879 akaanza kutandika reli kutoka mjini kwenda huko. Mabehewa yalikokotwa kwanza na nyumbu, na mwaka wa 1881 ikaletwa gari ya moshi. Reli ya mwanzo katika pwani hii, basi, haikujengwa kwa ajili ya pembe wala karafuu, bali kwa ajili ya mtu mmoja na jamaa zake kwenda kupumzika, nayo ilikufa pamoja na mwenyewe.

Hayo ni ya wakubwa. Watu wengine nao walikuwa na malazi yao ya nje ya mji, na lugha imeyahifadhi vizuri kuliko majengo. Wavuvi waliokwenda kuvua mbali na kwao walikaa dago, yaani makazi ya muda pwani, vibanda vya makuti vya kujikinga na jua na mvua, vikaachwa msimu ukiisha. Wasafiri wa bara walilala kambini. Wapo wadhanio kuwa neno kambi limeingia pamoja na utawala wa Kiingereza, lakini Burton alilisikia katika njia za misafara na kuliandika katika kitabu chake cha 1860, miaka thelathini kabla ya utawala huo kutangazwa Unguja. Vyovyote asili yake ilivyo, kambi na dago yana jambo moja la kushirikiana: mtu huingia kwa hiari yake na hutoka atakapo.

Changuu ni namna nyingine kabisa. Ni kisiwa kidogo, urefu wake haufiki kilomita moja, nacho kiko yapata kilomita tano na nusu kutoka Mji Mkongwe, upande wa kaskazini magharibi. Mtu aliyesimama Forodhani hukiona wazi, na kwa mashua ni safari ya muda mfupi. Jina lake latokana na samaki aitwaye changu. Ukaribu huo ndio uliokifaa kwa kila kazi kiliyopewa, maana kilikuwa karibu ya kutosha kulindwa na mbali ya kutosha kuzuia mtu asitoroke.

Kazi ya kwanza ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid, aliyetawala kabla ya Barghash, aliwapa kisiwa Waarabu wawili, nao wakakitumia kuwafungia watumwa walioonekana wakaidi, kabla hawajauzwa sokoni mjini au kupakiwa vyomboni kupelekwa ng'ambo. Soko hilo lilifungwa kwa mapatano ya mwaka wa 1873. Jambo la kuangaliwa hapa ni kuwa kifungo hiki, kilichokuwa cha kweli, na chenye watu wa kweli ndani yake, hakikukiachia kisiwa jina lolote. Watu wa pwani waliendelea kukiita Changuu kana kwamba hapakupita kitu.

Jina la gereza lilikuja baadaye, na kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka wa 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Seyyid chini ya himaya ya Kiingereza, alikinunua kisiwa, na mwaka wa 1894 majengo ya gereza yakajengwa huko. Gereza hilo halikupata kutiwa mfungwa hata mmoja. Hata hivyo jina lilishika, na mpaka leo wageni wengi wanakijua kuwa ni Kisiwa cha Gereza. Neno lenyewe limesafiri safari ndefu kuliko kisiwa. Wanafunzi wa lugha wanajua ya kuwa gereza ni igreja ya Wareno, yaani kanisa. Pwani hii kanisa na ngome zilikuwa pamoja, neno likahamia kwenye ngome, na ngome zilipotumiwa kuwafungia watu likahamia tena kwenye kifungo. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno na kutumiwa kufungia watu katika karne ya 19, inatosha kuonyesha hatua zote tatu katika kiwanja kimoja. Neno lililoanza kwa nyumba ya sala likaishia kuwa jina la kisiwa chenye gereza lisilo na wafungwa, hali wale waliofungwa kweli kisiwani hawakupata hata jina hilo la kuwakumbusha. Mtafiti anayeyategemea majina ya mahali kuwa ni ushahidi wa historia na alizingatie hili.

Kilichokigeuza kisiwa kuwa karantini ni hofu ya maradhi, nayo haikuwa hofu ya bure. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno Unguja. Tabibu James Christie, aliyekuwa mjini wakati huo, alitunga kitabu juu yake mwaka wa 1876, na akaufuatilia ugonjwa tangu bara, nchi ya Wamasai, hata pwani ya Pangani, kisha kuvuka bahari. Tauni ilipozuka Bombay mwaka wa 1896, kila bandari iliyofanya biashara na Bara Hindi iliingiwa na wasiwasi, na Unguja ilikuwa bandari kubwa ya pwani hii. Gereza likafanywa hospitali, na kisiwa kikawa mahali pa kuwaweka abiria kwa makoloni yote ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa alikaa wiki moja au mbili ndipo aruhusiwe kuendelea na safari yake. Baadaye kituo kipya kilijengwa.

Hapo ndipo pepo zilipoingia katika habari hii. Vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni vilishuka kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Miezi iliyosalia nyumba zilikuwa tupu. Nyumba hizo zilikuwa na baraza, zikipata upepo wa bahari pande zote, tena karibu na mchanga mweupe na maji safi. Watu wa mjini wenye nafasi hawakukawia kuona faida yake, wakaenda kulala huko siku za mapumziko. Kwa hiyo baraza moja ilitumiwa na watu wa aina mbili katika mwaka mmoja: msimu huu abiria aliyekuwa akihesabu siku, akiutazama mji alioukusudia bila ya kuruhusiwa kuukanyaga, na msimu wa pili mtu aliyetoka katika mji ule ule kwa kuuchoka. Nyumba ya Mathews, iliyojengwa kuwa mahali pake pa kupumzikia, ilikwisha kuonyesha njia tangu zamani, na yamkini karantini isingependwa upesi hivyo kama isingekuwako.

Kiswahili hakikulipata jambo hili neno moja. Kukaa kwa mgonjwa kuliitwa karantini, neno ambalo asili yake ni siku arubaini za bandari za Italia, ingawa Changuu hazikufika hata nusu yake. Kukaa kwa mpumzikaji kuliitwa kwenda kisiwani, kama watu walivyosema kwenda shamba. Hakuna aliyeliita dago wala kambi, na si kwa kusahau: dago lina kazi ya uvuvi ndani yake, na kambi ina safari ya mbele.

Mwaka wa 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alileta zawadi ya kobe wanne wakubwa, wa asili ya Aldabra. Walizaana vizuri kisiwani, hata ilipofika 1955 walikuwa karibu 200. Baadaye wezi wakaanza kuwachukua, wengine wakiuzwa nchi za nje wakiwa hai na wengine wakiliwa, na mwaka wa 1996 walihesabiwa 7 tu. Wengine waliletwa kuongeza idadi, na wote wakazungushiwa ua mkubwa wenye uzio. Huko ndiko mashua za wageni kutoka mjini zinakoelekea kwanza, kabla ya kuonyeshwa kuta za gereza.