Daktari wa neva za watoto (Meru na Embu)

Daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na neva kwa watoto, hasa kifafa, mtindio wa ubongo na madhara ya homa ya uti wa mgongo. Nchini Kenya husomea udaktari miaka 6, kisha hufanya kazi mwaka 1 kama daktari mwanagenzi. Hospitali za rufaa za Meru na Embu ni miongoni mwa vituo vya uanagenzi. Msingi wote huwekwa hapo: mtoto aletwapo na degedege, mwanagenzi hufungua njia ya hewa, hupima sukari ya damu, huzuia mtukutiko kwa dawa, kisha hutafuta chanzo, pengine kwa kupima maji ya uti wa mgongo. Hufuata shahada ya uzamili ya tiba ya watoto, halafu ubobezi wa neva za watoto, kwa mfano Cape Town.

Utafiti wa fani hii nchini Kenya una mizizi Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ilianzisha kituo mwaka 1989. Huko mtafiti Charles Newton na wenzake walionyesha kwamba malaria ya ubongo, hata mtoto akipona, huweza kumwachia kifafa au ulemavu wa kujifunza. Ndiyo maana mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani anastahili kufuatiliwa.