Kabla ya 20 Mei 2004

Shangazi yangu alimaliza darasa la saba mwaka 1981, katika shule ya msingi iliyo juu ya Soni, huko ambako ukungu huchelewa kuondoka hadi saa nne asubuhi. Katika darasa lao walichaguliwa wavulana wawili kwenda sekondari. Yeye alirudi kwenye kabichi. Mwaka 1996 akaajiriwa kuwa mhudumu katika zahanati ya serikali: kufua mashuka, kuchemsha vifaa, kupima watoto uzito siku za kliniki, na mara nyingi, kwa kuwa muuguzi alikuwa mmoja, kushika taa mama akijifungua usiku. Tangazo la kazi lilitaka mtu anayejua kusoma na kuandika. Vyote viwili alivijua. Akafanya kazi miaka ishirini na moja. Katikati ya mwaka 2017 mshahara wake haukuingia.

Mwaka jana nilipanda Lushoto kwa shughuli nyingine kabisa. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nilikuwa nimemwahidi msimamizi wangu sura moja kuhusu Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliupa mji huu walipoufanya makao ya wilaya. Jioni ya kwanza, tukila ugali kwa mnavu, Shangazi akaniuliza ninachosoma ni nini hasa. Nikamjibu: karatasi za zamani za serikali. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa rambo, wa wakati ule mifuko hiyo ilipokuwa bado haijapigwa marufuku.

"Basi soma na hizi, mwanangu. Nazo ni za serikali."

Mlikuwa na barua ya ajira ya 1996, hati za mishahara zilizofifia wino, nakala ya fomu ya taarifa binafsi, barua ya kuondolewa kazini, rufaa aliyoandika kwa mkono, na majibu ya rufaa hiyo. Sura ya Wilhelmstal bado sijaimaliza.

Tuanze na hesabu, maana wengi wetu tunaikumbuka habari hii kwa namba moja tu. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, waziri aliyehusika na utumishi wa umma, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais John Magufuli ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi. Kazi ya kuvikagua ilifanywa na Baraza la Mitihani, NECTA. Jumla iliyotangazwa ilikuwa 400,035. Vyeti halali vilikuwa 376,969. Vya kughushi 9,932. Vingine 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076, yaani cheti kimoja kimeajiri watu wawili. Na 11,596 vilikuwa pungufu. Nimejumlisha kwa kikokotoo cha simu na hesabu inakubali, ila inakubali ukiweka vile vyeti 1,538 badala ya watu 3,076 waliokuwa wakivitumia. Hata kwenye kujumlisha, kilichohesabiwa ni karatasi.

Rais aliagiza wenye vyeti vya kughushi wakatwe mishahara papo hapo na waondoke wenyewe kabla ya 15 Mei, vinginevyo wafikishwe mahakamani, ambako kosa la kughushi lina kifungo cha hadi miaka saba. Majina yakabandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri. Watu walisimama mbele ya mbao zile kama tulivyokuwa tukisimama kutafuta matokeo ya mtihani, kidole kikishuka taratibu.

Sitaki kuwatetea walioghushi. Aliyenunua cheti alimziba njia mwenzake aliyekesha na kibatari akisoma, na mgonjwa hana namna ya kujua kama anayemchoma sindano alifaulu au alilipia. Lakini mirundo ilikuwa zaidi ya mmoja. Kulikuwa na aliyetengeneza cheti. Kulikuwa na aliyeazima cha dada yake, akaishi miaka kumi kwa jina la dada yake, na dada mwenyewe akalazimika kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Halafu kulikuwa na mtu ambaye hakuwahi kuwa na cheti cha kidato cha nne, na wakati anaajiriwa hakuna aliyemuuliza. Katika mazungumzo ya mitaani wote waliitwa jina moja: vyeti feki. Sokoni Lushoto, Shangazi anasema, aliuliza bei ya viazi na muuzaji akamwuliza kama atalipa kwa noti halali.

Zoezi lile halikuwagusa wanasiasa. Serikali ilieleza kwamba nafasi kama za mawaziri, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya ni za uteuzi wa kisiasa na zina utaratibu wake. Kuhusu ubunge, Katiba yetu, ibara ya 67, inataka mgombea awe anajua kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au Kiingereza. Ni sifa ileile iliyomwajiri Shangazi kufua mashuka.

Serikali kudai karatasi si jambo geni milimani huku. Wajerumani walihitaji watu wa kuwaandikia barua na kuwatunzia daftari za kodi, na shule ya serikali waliyoifungua Tanga miaka ya 1890 ilikuwa hasa ya kuwapata makarani hao. Kijana aliyejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi alipata mshahara na heshima ambayo mzee wa ukoo wa Kilindi, aliyezaliwa kutawala, hakuielewa inatoka wapi. Waingereza wakaendeleza, wakiongeza madarasa na mitihani. Lakini karatasi ya aina hiyo daima ilikuwa ya wachache, na kazi za chini, za ulinzi, za kupika, za kufagia, za kusukuma kitanda cha mgonjwa, ziliwaendea watu kwa nguvu zao na tabia zao. Baada ya uhuru hali haikubadilika sana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisukuma kila mtoto kwenda shule ya msingi, na hadi leo wazee wetu wana haki ya kujivunia hilo. Sekondari ilikuwa habari nyingine. Darasa la saba ndilo lililokuwa elimu ya taifa. Zaidi ya hapo ni bahati, na bahati yenyewe ilikuwa viti viwili kwa shule nzima.

Ndipo inakuja tarehe yetu. Waraka wa serikali ulioanza kutumika 20 Mei 2004 uliweka kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa anayeingia utumishi wa umma. Nilipoisoma tarehe hiyo kwa mara ya kwanza nilihisi nimeiona mahali. Mwaka 2004 ndio mwaka ambao Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza, ule uliotuletea shule za kata. Mimi mwenyewe ni zao la shule ya kata: tulisomea fizikia ubaoni bila maabara, na walimu wawili. Kwa hiyo serikali ilianza kudai cheti cha kidato cha nne mwaka uleule ilipoanza kujenga shule ambazo mtoto wa kawaida wa Mlalo, Bumbuli au Mtae angeweza kukipatia. Sisemi ilikuwa hila. Nadhani ofisi moja haikujua ya pili inafanya nini, na pengine hilo ni baya zaidi.

Waraka ule ulikuwa na upande wa pili, na hapa ndipo kesi ya Shangazi ilipo. Ulianzia tarehe yake. Aliyeingia kazini kabla ya 20 Mei 2004 aliingia kwa masharti ya wakati wake, na darasa lake la saba halikuwa kosa. Uhakiki wa 2017 ulipita juu ya tofauti hiyo, na wengi wa darasa la saba wakaondolewa. Kelele zikapigwa, wabunge wakauliza, na Aprili 2018 waziri George Mkuchika akalieleza Bunge kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warudishwe kazini na walipwe malimbikizo yao, isipokuwa walioghushi. Shangazi alisikia redioni akiwa shambani kwa jirani. Anasema aliketi palepale kwenye tuta.

Halmashauri moja ya huku milimani, iliyokuwa mwajiri wake, haikumrudisha. Aliandika rufaa. Majibu yana aya mbili. Ya kwanza inamshukuru kwa barua yake. Ya pili inasema kumbukumbu katika jalada lake zinaonyesha alitoa taarifa za uongo kuhusu kiwango chake cha elimu.

Nikaichukua ile nakala ya fomu ya taarifa binafsi. Ni ya mwaka 2009. Penye elimu pameandikwa: Kidato IV. Mwandiko si wake. Wake umelala kushoto, huu umesimama kama askari. Sahihi ya chini ni yake. Nikaona nimeshapata hoja yangu, na kwa kuwa ninaishi na wanafunzi wa sheria bwenini nikaanza kuipanga kichwani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 333, inasema kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Hati iko wapi? Hakuna cheti kilichowasilishwa. Fomu ni halali, ya serikali yenyewe. Mstari mmoja tu ndiyo si wa kweli, nao umeandikwa na mtu mwingine.

"Shangazi, ulijua karani ameandika hivi?"

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nilijua."

Akanieleza. Karani alikuwa akijaza fomu za wahudumu wote kwa siku moja, watu wamepanga foleni hadi nje. Alipofika penye elimu akamtazama, akamwambia wenzako wote nimewaandikia nne, nikikuandikia saba watakutoa. Yeye alikuwa na watoto watatu na mume aliyekuwa amelala miezi na mgongo. Akasema: andika.

Nilikaa kimya muda. Nilichokuwa nikifikiria ni kwamba mwaka 2009 hakuhitaji uongo ule hata kidogo. Tarehe ilikuwa imeshamlinda kwa miaka mitano. Waraka uliosema yuko salama ulikuwa kwenye kabati la masijala, labda hatua kumi kutoka meza aliyotilia sahihi, na karani aliyemtisha huenda hakuwahi kuusoma. Alidanganya kuilinda kazi ambayo hakuna aliyekuwa na haki ya kumnyang'anya, na uongo huo ndio uliomnyang'anya.

Angeweza kwenda mahakamani? Kichekesho cha mji huu ni kwamba una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, na vijana wenye sare za nyeupe na nyeusi hupita barabarani wakihojiana vifungu vya sheria. Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa. Ila tangu mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma ina kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za ndani ya sheria hiyo kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta, ilikikazia: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haina mamlaka ya kuanza na mgogoro wa namna hiyo. Njia za ndani maana yake ni Tume ya Utumishi wa Umma, kisha Rais. Kwa mtu wa juu ya Soni, maana yake ni nauli, posta, mtu wa kukuandikia, na muda wa rufaa unaohesabiwa kuanzia siku ambayo wewe bado unalia. Wanafunzi wale wa sheria walikuwa wakinunua mapera kwake, mwaka mzima wa 2018. Hakuwauliza kitu, na wao wangejuaje?

Kenya, ambako Tume yao ya Utumishi wa Umma ilitangaza Februari 2024 kwamba imekuta vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi, tume ya kupambana na ufisadi huwashtaki wahusika na kudai mishahara waliyokwisha kuila. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mei Mosi 2022, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warudishiwe michango waliyokatwa kwenye mishahara kwa ajili ya pensheni, bila sehemu ya mwajiri. Malipo yakaanza kushughulikiwa Novemba. Mfuko wa Shangazi, LAPF, ulikuwa umeshaunganishwa na mingine kuwa PSSSF, kwa hiyo alianza kwa kutafuta mfuko wake umeitwaje.

Akaitwa ofisini kujaza fomu. Juu ya orodha waliyomwonyesha ili ajitafute jina paliandikwa kundi lake, na kundi lenyewe lilikuwa la walioghushi. Afisa aliyekuwepo, kijana mpole, alimweleza kwamba akiona hastahili kuwa kwenye orodha hiyo anaweza kuendelea na rufaa yake, lakini basi fedha hii itasubiri.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Kwanza niliomba fomu niisome mwenyewe, yote, mpaka chini. Foleni ikanung'unika."

"Halafu?"

Mvua ilikuwa imeanza, zile za vuli zinazoshuka Magamba bila kupiga hodi, na ikabidi apaze sauti. Akaonyesha juu kwa kidole chenye vumbi la maharage.

"Haya mabati unadhani yalijileta?"