Usalama wa vyombo vya plastiki vya chakula

Vyombo vya plastiki vya chakula ni bakuli, chupa, ndoo, madumu, mifuko na vifaa vingine vya plastiki vinavyotumika kuhifadhi, kubeba au kupasha moto chakula na vinywaji. Vinapendwa kwa sababu ni vyepesi, havivunjiki upesi na bei yake ni nafuu. Baadhi ya kemikali zilizomo ndani yake huweza kuhamia kwenye chakula, na kiasi kinachohama hutegemea sana aina ya plastiki na jinsi chombo kinavyotumiwa.

Jinsi kemikali zinavyohama

Plastiki hutengenezwa kwa kuunganisha molekuli ndogo kuwa minyororo mirefu. Minyororo hiyo haiyeyuki katika chakula, lakini kati yake hubaki molekuli ambazo hazikuungana, pamoja na viungio vilivyotiwa ili kuilainisha plastiki, kuipa rangi au kuikinga na jua. Hizo ndizo zinazotoka.

Joto huharakisha jambo hilo kuliko kitu kingine chochote. Mafuta nayo huchangia, kwa kuwa nyingi za kemikali hizo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Chakula kichachu, muda mrefu wa kuhifadhi na mikwaruzo ya chombo kuukuu huongeza kiasi kinachotoka. Maji baridi katika chupa mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya vinywaji hayana hatari kubwa. Mchuzi wa moto wenye mafuta katika bakuli lililochakaa ni jambo jingine.

Kemikali zinazochunguzwa

Inayojulikana zaidi ni bisfenoli A (BPA), iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891. Katika miaka ya 1930 ilionekana kwamba hufanya kazi mwilini kama homoni ya kike ya estrojeni. Baadaye ikawa malighafi ya polikaboneti, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na ya utando unaopakwa ndani ya makopo ya chakula. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011, na Marekani ikaondoa kibali chake katika chupa hizo mwaka 2012.

Wataalamu hawakubaliani kuhusu watu wazima. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipunguza kiwango inachokubali kwa siku mara 20,000, hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kutokana hasa na madhara kwa mfumo wa kinga. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kwa muda mrefu imeshikilia kwamba kiasi kinachopatikana katika chakula ni salama. Chombo chenye maandishi kwamba hakina BPA si lazima kiwe salama zaidi, kwani baadhi ya watengenezaji hutumia bisfenoli S, ambayo nayo huathiri homoni.

Fthalati hutumika kulainisha plastiki ya PVC, na baadhi yake huvuruga homoni za uzazi. Stirini, malighafi ya vibweta vyeupe vya kubebea chipsi, iliwekwa mwaka 2018 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Sahani za melamini zinafaa kupakulia, lakini hazifai kupashia moto katika maikrowevu.

Namba zilizo chini ya chombo

Namba 1 hadi 7 ndani ya pembetatu huonyesha aina ya plastiki kwa ajili ya urejelezaji. Si alama ya usalama, ingawa wengi huisoma hivyo. Namba 2, 4 na 5 kwa kawaida hazina BPA wala fthalati. Namba 3 ni PVC, 6 ni polistirini, na 7 ni plastiki nyinginezo, polikaboneti ikiwemo. Namba 1 ni ya chupa za maji na soda, ambazo hazikukusudiwa kutiwa chai ya moto.

Matumizi yenye hatari Afrika Mashariki

Desturi iliyoenea ni kufunika wali au ndizi jikoni kwa mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke. Plastiki ya mifuko mingi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 110 za Selsiasi, na ukingo wa sufuria iliyo juu ya mkaa huweza kupita hapo. Nchini Uganda mfuko umechukua mahali pa majani ya mgomba katika kupika matoke, ingawa majani hufanya kazi ileile.

Hatari ya haraka zaidi ni madumu yaliyokuwa na viuatilifu au kemikali za viwandani kutumiwa kwa maji au mafuta ya kula. Plastiki hunyonya sumu, na kuosha kwa sabuni hakuiondoi yote. Madumu hayo hutakiwa kutobolewa ili yasitumike tena.

Vyombo mbadala

Kioo na chuma cha pua havitoi kemikali hizi na hustahimili joto. Chungu cha udongo kinafaa pia, isipokuwa kilichopakwa rangi ya kung'aa yenye risasi. Sufuria ya alumini haifai kuhifadhia vyakula vichachu kwa muda mrefu. Majani ya mgomba hutumika kufungia chakula, na kawa la ukili kukifunikia.

Kwa mtoto mchanga tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Utafiti uliofanyika Ireland na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa chupa za polipropilini zikitiwa maji ya nyuzi 70 huweza kutoa hadi chembe milioni 16 za plastiki kwa lita. Maziwa ya unga yanahitaji maji ya joto hilo ili kuua vijidudu, hivyo huchanganywa kwanza katika chombo cha kioo au chuma cha pua, yakapozwa, ndipo yakamiminwa kwenye chupa.