MWENYE KAZI NA WAPENZI WA KAZI YAKE



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia, akaniachia nichague mada. Nimechagua swali la wanafunzi wa kidato cha tatu, walilolijadili katika mdahalo ambao nilialikwa kuusikiliza: Je, mtu aliyetunga kitabu au kutengeneza sinema ana haki ya kuibadilisha kazi yake baada ya watu kuipenda? Upande mmoja ulisema kazi ni mali ya aliyeifanya, na mwenye shamba haulizwi kwa nini amepanda upya. Upande wa pili ulijibu kwamba shamba ni lake kweli, lakini njia inayopita katikati ya shamba hilo imekwisha kuwa ya kijiji kizima. Kengele ililia kabla ya kura kupigwa. Kwa kuwa nimefundisha historia maisha yangu yote, naomba niuendeleze mdahalo huo hapa kwa kutumia mifano iliyotokea kweli.

Vijana walianza na sinema, nami nitaanza huko huko. Mwaka 1977 Mmarekani George Lucas alitoa sinema iitwayo Star Wars, ambayo ni hadithi ya vita vya angani. Ilipendwa mno duniani, na mwaka 1989 ilikuwa miongoni mwa sinema 25 za kwanza kuingizwa katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya sinema zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1988, Lucas mwenyewe alikwenda mbele ya Bunge la nchi yake kupinga tabia ya matajiri waliokuwa wakinunua sinema za zamani za rangi nyeusi na nyeupe na kuzitia rangi nyingine. Aliwaambia wabunge kwamba anayeharibu kazi ya sanaa kwa ajili ya faida ni mtu asiye na ustaarabu, na akaonya kuwa mitambo ya siku zijazo itaufanya uharibifu huo kuwa rahisi zaidi.

Basi mwaka 1997, sinema yake ilipotimiza miaka 20, Lucas aliitoa tena ikiwa imebadilishwa. Aliongeza wanyama na vyombo vilivyochorwa kwa kompyuta, na akaingiza vipande vilivyokuwa vimeachwa. Mabadiliko mengi watu waliyavumilia. Moja tu liliwachoma. Katika sinema ya 1977, Han Solo amekaa katika kilabu cha pombe akitishwa kwa bastola na mwindaji aitwaye Greedo, naye anamwahi kwa kumpiga risasi chini ya meza. Katika ile ya 1997 Greedo ndiye anayepiga kwanza, na anamkosa. Ni sekunde chache tu, lakini wapenzi wa sinema hiyo walisema mtu wao amegeuzwa. Han wa mwanzo ni mlanguzi mwenye roho ngumu ambaye baadaye anakuwa mwema, na kama tangu mwanzo hana kosa, huo wema wake wa baadaye una maana gani?

Lucas aliendelea kubadilisha. Mwaka 2004 alimtoa mzee aliyeonekana mwishoni mwa sinema ya tatu, akamweka kijana aliyeigiza katika sinema mpya. Mwaka 2019, miaka 7 baada ya kampuni yake kuuzwa kwa Disney, ilionekana kwamba hata pale kwenye kilabu pamebadilishwa tena. Wapenzi waliandika barua, wakatia saini maombi, na mwaka 2010 ikatolewa sinema nzima juu ya ugomvi huo. Wengine walikusanya vipande vya mikanda ya zamani na kuiunganisha upya sinema ya 1977 kwa mikono yao. Lucas alijibu kwamba ile ya kwanza ilikuwa kazi ambayo haijakamilika, na kwamba hii ya sasa ndiyo aliyoikusudia tangu mwanzo.

Hapa yafaa tuangalie vizuri. Wengi wa hao wapenzi hawakumkataza Lucas kutengeneza toleo jipya. Walichodai ni kwamba lile la zamani lisizuiwe. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuitazama sinema ya 1977 kama ilivyoonyeshwa mwaka huo hakuweza kuinunua dukani katika hali nzuri. Mwaka 2006 iliuzwa kwa muda, lakini kama nyongeza tu na kwa ubora duni. Ndiyo maana mwezi Juni 2025, nakala ya zamani ya 1977 ilipoonyeshwa London katika tamasha la Taasisi ya Filamu ya Uingereza, tukio hilo lilikuwa habari kubwa.

Mwenzake Lucas, Steven Spielberg, alipita njia hiyo akarudi. Mwaka 2002 aliibadilisha sinema yake ya 1982 iitwayo E.T., akawanyang'anya askari bunduki na kuwapa simu za upepo. Baadaye aliirudisha ya kwanza, na mwaka 2023 akasema hadharani kuwa hakupaswa kuigusa, kwa sababu sinema huonyesha watu walikuwa wapi wakati ule ilipotengenezwa. Kauli hiyo ingeweza kutolewa na mwalimu yeyote wa historia.

Sasa tutoke Marekani turudi nyumbani. Vijana wengi hawajui kwamba sisi nasi tunayo kazi mashuhuri iliyobadilishwa na mwenyewe, na kwamba aliyeibadilisha ni Mwalimu Julius Nyerere.

Mwaka 1963 Oxford University Press walichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, ikiitwa Julius Caezar. Tanganyika ilikuwa na umri wa miaka miwili ya uhuru. Wapo waliokuwa wakisema Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kuamrishana, haiwezi kubeba mawazo mazito. Rais wa nchi akawajibu kwa kuchukua kazi ya mshairi ambaye Waingereza walimsifu kuliko wote, akaiandika kwa Kiswahili. Tena aliiandika kwa mistari isiyo na vina, jambo geni kwa wasomaji waliolelewa katika mashairi ya vina na mizani.

Miaka sita baadaye, mwaka 1969, kitabu kilitoka tena kikiwa kimesahihishwa, na jina jipya: Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ilitoka pia tafsiri yake ya mchezo mwingine, Mabepari wa Venisi. Nani alimlazimisha kuirudia kazi ambayo tayari ilikuwa imesifiwa? Hakuna. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa Rais, na hapana shaka alijua kwamba daftari lenye makosa husahihishwa, hata kama mwenye daftari ni mwalimu.

Ipo na sababu ya kihistoria. Katika miaka ile sita nchi haikusimama mahali pamoja. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Kiswahili cha 1963 kilikuwa kikiomba nafasi, na kile cha 1969 kilikuwa kimekwisha kaa kitini. Tazameni jina lenyewe. Lile la 1963 bado limevaa tahajia ya kigeni, na lile la 1969 limeandikwa kama sisi tunavyotamka. Na neno mabepari katika kile kitabu cha pili lisingekuwa na uzito ule ule kabla ya Azimio.

Tulioingia kidato cha kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 twakumbuka ubishi uliokuwepo. Kaka zetu waliotutangulia walikuwa na chapa ya kwanza, nasi tulipewa ya pili. Likizoni, wao walituona sisi ni watu tuliosomeshwa kitabu kilichochezewa, nasi tuliwaona wao wana kitabu kilichopitwa na wakati. Huku kwetu Dindira jina la Kaizari lilizua hoja ya peke yake. Wazee waliouona utawala wa Wajerumani, ambao reli yao kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, waliposikia Kaizari walifikiri ni yule mfalme wa Ujerumani, wakashangaa kusikia kwamba aliuawa na rafiki zake. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitueleza kwamba wazee hawakupotea sana. Neno la Wajerumani la kumwita mfalme wao limetokana na jina la Mrumi yule yule. Somo hilo la historia tulilipata kwa sababu jina lilibadilishwa, na tulilielewa kwa sababu jina la kwanza bado lilikuwepo.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano mkali zaidi. Mwaka 1967 mwandishi aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi alitoa riwaya ya A Grain of Wheat, juu ya vita vya Mau Mau na ujio wa uhuru. Baadaye aliliacha jina la James, akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1977 tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini bila kesi hadi 1978, kisha mwaka 1982 akaanza kuishi uhamishoni. Mwaka 1986 riwaya ile ilitoka ikiwa imerekebishwa. Mahali palipoandikwa Chama pakaandikwa Harakati, maana alitaka kutenga wapiganaji wa msituni na chama kilichotawala baada ya uhuru. Zaidi ya hayo, katika kitabu cha 1967 wapiganaji wanamnajisi daktari wa kike wa Kizungu. Katika kile cha 1986 kitendo hicho kimeondolewa, na mbwa wake tu ndiye anayeuawa.

Wasomaji waligawanyika. Wapo waliosema Ngũgĩ alitenda haki, kwa kuwa tukio lile lilikuwa likiwapa nguvu waliotaka kuwachora wapiganaji wa uhuru kama wanyama. Wapo waliosema amewapaka wapiganaji chokaa, na kwamba nguvu ya riwaya ya kwanza ilikuwa hasa katika kuonyesha kwamba hakuna aliyetoka katika vita ile akiwa safi. Ngũgĩ alifariki mwezi Mei 2025, na hoja hiyo haijafungwa. Mimi sitaifunga hapa. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi hawezi hata kuingia katika hoja hiyo kama ana kitabu kimoja tu. Akisoma cha 1986 peke yake, hatajua kwamba mwaka 1967 Mkenya kijana aliiona vita ya nchi yake kwa namna nyingine, wala hatajiuliza ni mambo gani yaliyompata katikati hadi akaiona upya.

Kijana mmoja katika mdahalo alisema kwamba bibi zetu nao hubadilisha hadithi kila usiku. Ni kweli, na watoto nao hupiga kelele: Bibi, jana hukusema hivyo! Hao ndio wapenzi wa kazi, kama wale wa Marekani. Lakini bibi hawezi kuifuta ya jana, kwa sababu imekwisha kaa katika vichwa vya watoto kumi, nao wataisimulia wapendavyo. Sinema na vitabu si hivyo. Mwenye mkanda asilia ana ufunguo wa ghala. Akiufunga mlango, cha jana hakipo. Ndiyo sababu nikiwapima watu hawa siulizi nani alibadilisha, maana wote walibadilisha. Nauliza nani aliwaachia watu njia ya kufika kwenye kazi ya kwanza. Mwalimu alisahihisha waziwazi, akatoa kitabu chenye jina jingine, hata mtu akiviona viwili rafuni anajua papo hapo kwamba ni viwili. Lucas alichukua jina lile lile akaliweka juu ya kitu kingine, na kile cha kwanza akakizuia.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika maktaba nyingi za shule, muhtasari wa masomo ukibadilika vitabu vya zamani hutolewa rafuni. Huwekwa stoo, na stoo ni chakula cha mchwa. Chapa mpya ikifika, ya zamani huonekana takataka. Kwa njia hiyo sisi wenyewe, bila George Lucas, tunaufunga mlango wa ghala. Chapa ya 1963 ya Julius Caezar ina zaidi ya miaka 60 sasa, na nakala zilizobaki mikononi mwa watu hazizidi kuongezeka.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa zamani, hasa sisi wazee. Fungueni masanduku yenu. Mwenye Julius Caezar ya 1963, mwenye Juliasi Kaizari ya 1969, mwenye A Grain of Wheat iliyo na jina la James Ngugi jaladani, ailete siku ya mkutano wetu, hata kama kurasa zimelegea na pembezoni kuna maandiko ya penseli. Maandiko hayo nayo ni historia. Uongozi wa shule nauomba utenge rafu moja yenye kufuli, na vitabu vyake visomewe humo humo maktabani.

Na ninyi vijana nawapa zoezi. Chukueni onyesho moja la mchezo, mlisome katika chapa zote mbili, mkiandika kila neno lililobadilika na sababu mnayoidhani. Hapo mtakuwa mmefanya kazi ya mwanahistoria, na kura ambayo haikupigwa siku ile ya mdahalo mtaweza kuipiga mkiwa na ushahidi mezani.

Nawatakia mkutano mwema.