Roosevelt alipopiga hema West Nile

Januari ni mwezi wa moto West Nile. Nyasi zilizorefuka wakati wa mvua hukauka kuanzia Koboko hadi ukingo wa Nile, na usiku miali ya moto wa nyika huonekana kutoka mbali. Ulaya na Marekani huko kumejaa baridi, na wenye fedha zao hutafuta pa kuota jua. Siku hizi wakija kaskazini ya Uganda hulala katika loji za Murchison Falls, ng'ambo ya mto. Mwaka 1910 mmoja wao alivuka.

Theodore Roosevelt alikuwa ameacha urais wa Marekani Machi 1909. Mwezi uliofuata akashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa jumba la makumbusho la Smithsonian. Walipita Kenya, wakafika Uganda, wakapanda chombo Butiaba kwenye Ziwa Albert na kuteremka na Nile. Kambi yao ya ukingo wa magharibi ndiyo iliyopaacha mahali hapo na jina la Rhino Camp.

Aliyewavuta huko ni kifaru mweupe. Katika Uganda nzima mnyama huyo alipatikana magharibi ya Nile tu; upande wa pili walikuwa vifaru weusi. Wanasayansi walikuwa wamempa kifaru huyo wa kaskazini jina rasmi mwaka 1908, kutokana na mfano uliotoka huko huko.

Nchi yenyewe haikuwa na mwenyewe. Eneo la Lado, lililojumuisha Arua na Koboko za leo, Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894, kwa muda wa utawala wake tu. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, wiki chache kabla ya Roosevelt kuwasili. Wabelgiji walikuwa wakifunga virago, Sudan haijakabidhiwa, na majangili wa pembe za ndovu walijifanyia watakavyo. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ilihamishiwa Uganda, na Arua ikawa makao ya wilaya.

Starehe ya kambi ilikuwa haba. Mbu walikuwa wengi hivi kwamba Roosevelt aliandika makala zake za jarida la Scribner's akiwa amejifunika wavu kichwani na kuvaa glavu. Siku moja moto wa nyika uliielekea kambi, ikabidi wauwahi kwa kuchoma nyasi za kuizunguka. Hata hivyo, kazi iliyowaleta waliimaliza: baba na mwana waliua vifaru weupe tisa. Mmoja wao amewekwa kwenye maonyesho Washington.

Baada ya hapo utalii ulijijenga upande wa mashariki. Hoteli ya Masindi ilifunguliwa katika miaka ya 1920. Ernest Hemingway alipopata ajali mbili za ndege, Murchison na kisha Butiaba, nao ulikuwa mwezi wa Januari, mwaka 1954, na huko Masindi ndiko alikopelekwa. Loji ya Paraa ni ya miaka hiyo hiyo. West Nile ilibaki na hifadhi ya Ajai, jirani na Rhino Camp, iliyotengwa kwa ajili ya vifaru waliosalia. Wengine walihamishiwa Murchison mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vita na ujangili viliwafuata kote kote, na katikati ya miaka ya 1980 Uganda haikuwa tena na kifaru porini.

Jina la Rhino Camp sasa linajulikana kwa jambo jingine. Makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa hapo mwaka 1980 yana zaidi ya watu 100,000, wengi wao kutoka Sudan Kusini, na hoteli za Arua hupata wateja wengi miongoni mwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada.

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imekuwa na mpango wa kurudisha vifaru Ajai. Waliopangwa kuletwa ni weupe wa kusini, ndugu wa wale wanaotunzwa katika hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, tangu 2005. Wa kaskazini wamebaki wawili duniani, Najin na bintiye Fatu, wote majike, huko Ol Pejeta nchini Kenya. Nasima, mama yake Najin, alitoka katika pori la Uganda.