Wembe wa Glenn Gould

Wadau, nimekuwa adimu hapa kijiweni kwa wiki mbili tatu hivi. Samahanini sana. Sikuwa safarini wala sikuumwa. Nilikuwa na jambo linanikera moyoni, na nitalieleza kabla sijamaliza. Lakini leo nataka tuzungumzie piano.

Najua wengine mmeshaanza kuguna. Piano? Muziki wa Wazungu waliokufa zamani? Vuteni subira kidogo. Hii ni habari ya ukweli na uongo, na kwa sisi tunaokula kwa kalamu hakuna habari kubwa kuliko hiyo.

Tuanze na mzee mwenyewe, Johann Sebastian Bach. Alizaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685. Mwaka 1722, akiwa mkuu wa muziki katika kasri la mtawala wa Köthen, alikamilisha mkusanyiko aliouita Das Wohltemperierte Klavier. Kwa Kiswahili cha kawaida tuseme ni kinanda kilichotyuniwa vizuri. Zamani zile vinanda vilityuniwa kwa namna ambayo funguo fulani za muziki zilisikika tamu na nyingine zilikwaruza masikio. Bach akaonyesha kwamba kinanda kikityuniwa kwa busara, unaweza kupita kwenye funguo zote 24, meja 12 na maina 12, na kila moja ikakaa sawa. Kwa kila ufunguo akaandika vipande viwili: preludi, ambayo ni kama utangulizi, na fuga. Takriban miaka 20 baadaye, akiwa Leipzig, akakusanya kitabu cha pili chenye mpangilio uleule. Jumla ni jozi 48.

Fuga ni nini? Si ya kufuga kuku! Waliowahi kuimba kwaya wataelewa haraka. Sauti moja inaanza peke yake na wimbo mfupi. Ikifika mahali, sauti ya pili inaingia na wimbo uleule, lakini ile ya kwanza hainyamazi, inaendelea na maneno yake mengine. Inaingia ya tatu. Pengine ya nne. Hakuna kiongozi na hakuna waitikiaji, wote wanasema kwa pamoja na wote wanasikika. Na yote hayo yanafanywa na mtu mmoja mwenye vidole kumi tu.

Bach alifariki mwaka 1750 bila kuona vitabu hivyo vikichapishwa. Wanafunzi walikuwa wakinakili kwa mkono. Vilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1801. Tangu hapo hakuna mpiga piano wa maana aliyeweza kuvikwepa. Edwin Fischer, Mswisi, alikuwa wa kwanza kurekodi jozi zote 48 kwa piano, kati ya mwaka 1933 na 1936. Sviatoslav Richter, gwiji wa Urusi, alizirekodi Austria mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini mtu wangu mimi ni Glenn Gould.

Nilimjua kupitia rafiki yangu wa chuo, aliyenipa CD ya kunakili isiyo hata na jalada. Nilianza kuisikiliza usiku nikiwa zamu, nasubiri kurasa zitoke. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kuna mtu anaguna humo ndani! Nikadhani CD ni mbovu. Kumbe ni Gould mwenyewe. Alikuwa akiimba chini chini huku anapiga, na mafundi mitambo wake walihangaika miaka yote bila kumnyamazisha.

Gould alizaliwa Toronto, Kanada, tarehe 25 Septemba 1932. Mama yake ndiye aliyemfundisha piano hadi alipofika miaka kumi, kisha akaenda kwa mwalimu Alberto Guerrero. Alikuwa mtu wa vituko. Alivaa koti zito, skafu na glavu hata wakati wa joto. Alikaa kwenye kiti cha kukunja ambacho baba yake alikikata miguu na kukirekebisha, kifupi kiasi kwamba pua yake ilikaribia kugusa piano, na alikibeba kiti hicho dunia nzima mpaka kikachakaa kabisa. Mwaka 1955 alirekodi Goldberg Variations za Bach mjini New York, santuri ikatoka mwaka uliofuata, na kijana wa miaka 23 akawa nyota. Mwaka 1957 akaenda Moscow. Inasimuliwa kwamba onyesho la kwanza lilianza ukumbi ukiwa na viti vingi vitupu, wakati wa mapumziko watu wakakimbilia simu kuwaita jamaa zao, na kipindi cha pili ukumbi ukafurika.

Basi mtu wa namna hiyo, mwenye dunia mkononi, mnadhani alifanya nini? Aliacha. Tarehe 10 Aprili 1964 alipiga onyesho mjini Los Angeles, akashuka jukwaani na hakupanda tena kupiga piano mbele ya hadhira mpaka alipofariki mwaka 1982. Alikuwa na miaka 31 tu.

Hakustaafu. Alihamia studio. Alikuwa akiliona onyesho la jukwaani kama mchezo wa kikatili, watu wamekuja kutazama kama utateleza. Studio ilimpa nafasi ya kufikiri. Na kazi iliyomchukua miaka mingi ndani ya studio ndiyo hizo jozi 48 za Bach: Kitabu cha Kwanza alikirekodi kati ya mwaka 1962 na 1965, cha Pili akakimaliza mwaka 1971. Ukisikiliza utaelewa kwa nini baadhi ya watu wanamwabudu na wengine hawataki hata kumsikia. Richter anapiga kama mtu anayesali kwenye kanisa kubwa lenye mwangwi. Gould anapiga makavu, kila nota imetengana na jirani yake, kila sauti ya fuga unaiona kama mtu anayepita mbele yako na shati la rangi yake. Mara nyingine anakimbia kupita kiasi, mara nyingine anakokota miguu kana kwamba anafanya makusudi. Nadhani ni kweli alifanya makusudi.

Sasa tufike kwenye wembe.

Aprili 1966 Gould aliandika makala ndefu katika jarida la High Fidelity la Marekani, The Prospects of Recording. Humo alitabiri kwamba baada ya karne moja onyesho la jukwaani kama tunavyolijua litakuwa limekufa. Lakini kilichonishika mimi ni kisa kimoja kifupi. Alikuwa amerekodi fuga ya ufunguo wa A maina kutoka Kitabu cha Kwanza, moja ya zile ngumu kweli kweli. Akaipiga mara nane. Jaribio la sita na la nane yalikuwa safi, hakuna kosa. Wiki kadhaa baadaye, alipokaa kuyasikiliza, akaona yote mawili yanachosha. La sita lilikuwa zito, lenye heshima zake, mwanzo mpaka mwisho. La nane lilikuwa jepesi, linarukaruka, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna lililotosha peke yake.

Kikagundulika kitu. Kasi ya majaribio yote mawili ilikuwa karibu sawa. Basi wakachukua mwanzo na mwisho wa la sita, katikati wakaweka la nane. Enzi zile kuhariri sauti hakukuwa kubofya kipanya. Ulikuwa unakata utepe wenyewe kwa wembe na kuunga vipande kwa utepe wa kunata. Walipomaliza, ikapatikana fuga yenye uzito mwanzoni, uchangamfu katikati na uzito tena mwishoni. Gould anasema ilizidi chochote ambacho angeweza kukipanga akiwa amekaa kwenye piano.

Kwa hiyo fuga hiyo ambayo watu wameisikiliza kwa zaidi ya nusu karne haikuwahi kupigwa. Hakuna siku ambayo Glenn Gould alikaa akaipiga hivyo. Je, huo ni uongo?

Wapo waliosema ni uongo, tena mkubwa. Kwao muziki ni mtu na saa yake, ukikosea umekosea. Gould aliwajibu kwa kuuliza kama mwongozaji wa sinema anadanganya anapopiga picha ya mwisho kabla ya ile ya kwanza. Mwaka 1975 alichapisha matokeo ya jaribio lake dogo: aliwakalisha watu 18, wakiwemo wanamuziki, mafundi wa sauti na watu wa kawaida, wasikilize rekodi na kutaja mahali palipounganishwa. Matokeo hayakuwapa wataalamu sababu yoyote ya kujidai.

Kuna jambo jingine la kuchekesha. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, kazi iliyosimamiwa na kamati ya mwanasayansi Carl Sagan. Humo imo preludi na fuga ya kwanza ya Kitabu cha Pili, ufunguo wa C meja, anapiga Glenn Gould. Voyager 1 ilitoka kwenye himaya ya upepo wa jua mwaka 2012 na inazidi kwenda. Santuri ina salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kiswahili hakimo! Nimelinunia hilo pia, lakini tuliache. Hoja yangu ni kwamba kama kuna kiumbe atakayeiokota, hatauliza Gould aliipiga mara ngapi. Atasikiliza tu.

Binadamu ndio wanaouliza. Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo langu.

Gould hakuishia kwenye piano. Desemba 1967 redio ya taifa ya Kanada, CBC, ilirusha kipindi chake kiitwacho The Idea of North, kuhusu kaskazini ya mbali ya nchi yao. Aliwahoji watu watano, kila mmoja peke yake. Kisha akaingia na wembe uleule. Akazipanga sauti zao kama fuga: mmoja anaanza, wa pili anaingia juu yake, wa tatu anaingia. Ukisikiliza unadhani wamepanda treni moja na wanabishana. Hawakuwa pamoja kamwe. Kama mwandishi wa habari nilipojua hilo nilisisimka. Nikasema huyu ni mwenzetu!

Miezi miwili iliyopita niliandika habari ya wachuuzi wa soko moja hapa mjini waliotakiwa kuhama. Nilimhoji mama mmoja muuza samaki, karibu nusu saa. Mwanzoni aliniambia hana ugomvi na serikali. Baadaye sana, tukiwa tumeshazoeana, alinisimulia utani wao wa sokoni, akacheka na kusema kwamba wao watatolewa pale wakiwa maiti. Nilipokaa kuandika nilifanya ya Gould. Nikachukua mwanzo, nikachukua ya mbele, nikaunga kwa neno "lakini". Ikawa sentensi moja kali: hana ugomvi na serikali, lakini watamtoa akiwa maiti. Mhariri akaipenda, ikawa kichwa cha habari.

Mama yule aliitwa kujieleza. Hakufungwa wala hakupigwa, alikalishwa kwenye benchi kutwa nzima na samaki wake wakaoza. Jioni akanipigia simu. Nilitegemea matusi. Akasema kwa upole, "Mwanangu, maneno ni yangu. Lakini mimi sikuyasema hivyo."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasema amesamehe. Hajapokea simu yangu tangu siku hiyo.

Nimesikiliza ile fuga ya A maina labda mara thelathini tangu wakati huo, nikitafuta mahali palipoungwa. Nilikuwa natafuta utetezi, nikiri tu. Kama Gould anaruhusiwa, mbona mimi nisiruhusiwe? Na jibu nimelipata, ingawa si lile nililolitaka. Gould alikata vidole vyake mwenyewe. Jaribio la sita ni lake, la nane ni lake, jina kwenye jalada ni lake, na tena akaenda gazetini akaueleza ulimwengu alipokata na kwa nini. Asiyependa anajua la kufanya. Hata kile kipindi cha redio, aliyekisikiliza anasikia waziwazi kwamba sauti zimepandana, kwamba kuna mtu ameingiza mkono. Mimi nilikata sauti ya mtu mwingine, nikauficha mshono kwa neno moja dogo ambalo hakulitamka, nikamwachia yeye alipe.

Sisemi tusihariri. Nusu saa ya mahojiano haiingii gazetini, na kila anayeandika ana wembe wake. Ninachosema ni kwamba kabla ya kukata, ujiulize kidole kilicho chini ya wembe ni cha nani.

Kesho asubuhi nakwenda sokoni. Sitabeba kinasa sauti wala daftari. Nitanunua samaki, kama atakubali kuniuzia.

Na ninyi wadau, hasa mlio kwenye kazi hii, mnasemaje? Mmewahi kuunga?

Alamsiki.