Vijana Kutoka Nasik: Safari Ambayo Hakuna Aliyewatuma

Katika kila jumuiya yenye vijana huzuka swali hili: kuna faida gani vijana kuchanga fedha zao wenyewe, kufunga mizigo na kwenda mbali na nyumbani, mahali ambapo hakuna aliyewaita wala aliyewatuma? Wazee huuliza kwa sababu wanahofia ajali na wanaona fedha ikipotea. Vijana nao hujibu kwa maneno machache, kwa kuwa faida ya safari haionekani kabla ya kwenda. Katika chapisho hili la kumbukumbu ya hekalu letu tumeona heri kulijibu swali hilo kwa historia. Tunawaletea waumini na majirani zetu wa Songwe habari za kundi lililopita si mbali na hapa zaidi ya miaka 150 iliyopita, na ambalo baadhi ya watu wake walilelewa katika mji mtakatifu wa India.

Mji huo ni Nasik, ulio kando ya mto Godavari. Wahindu wanaufahamu kwa jina la Panchavati, mahali ambapo Rama, Sita na Lakshmana waliishi walipokuwa uhamishoni, na ambapo Sita alitekwa na Ravana. Hadi leo mahujaji hukusanyika hapo kwa Kumbh Mela, na familia nyingi hupeleka majivu ya wapendwa wao katika maji ya Ramkund. Lisilofahamika sana ni kwamba katika karne ya 19 palikuwa na watoto wa Kiafrika waliokulia kando ya mji huo. Walikuwa wametekwa barani kwetu, wakauzwa pwani na kupakiwa majahazini, kisha wakaokolewa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikipambana na biashara ya utumwa. Kwa kuwa hawakuweza kurudishwa makwao, walipelekwa Bombay, na wengine wakalelewa na wamisionari huko Sharanpur, karibu na Nasik. Hapo walifundishwa kusoma, kuandika, useremala na uhunzi. Hivyo watoto waliotekwa walipata kimbilio katika mji ule ule ambao Sita alitekwa.

Mwaka 1872 vijana sita wa Nasik walijiunga na msafara uliotoka pwani kumpelekea mahitaji David Livingstone, msafiri wa Kiskoti aliyekuwa akisubiri Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Miongoni mwao walikuwamo Jacob Wainwright, Mathew Wellington na Carras Farrar. Huko waliwakuta Chuma na Susi, ambao nao walikuwa wameionja India: mwaka 1864 walivuka bahari na Livingstone kwa mashua ndogo kutoka Zanzibar hadi Bombay. Chuma alisoma shule huko, na Susi alifanya kazi bandarini. Katika kundi hilo walikuwamo pia wanawake, kama vile Halima, aliyekuwa mpishi, na Ntaoeka, mke wa Chuma.

Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mkataba wa kazi ulikuwa umekufa pamoja na mwajiri. Hakukuwa na ofisa wa kuwaamuru wala mtu wa kuwaahidi malipo, na pwani ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,600. Wangeweza kumzika pale pale na kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Walikaa wakashauriana, wakaamua kuupeleka mwili kwa ndugu zake, pamoja na vitabu na vyombo vyake vyote. Gharama ya njia ilitoka katika vitambaa na shanga zilizosalia, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya wakati ule. Gharama nyingine ilitoka katika miili yao wenyewe.

Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Zanzibar, aliutayarisha mwili akisaidiwa na Carras. Moyo ulizikwa chini ya mti, Jacob akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa muda wa majuma mawili, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebea. Kisha safari ikaanza.

Haikuwa safari ya watakatifu. Mapema tu wengi waliugua, wakalazimika kusimama karibu mwezi mzima. Walivuka mto Luapula. Simba aliua punda wao. Katika kijiji kimoja ugomvi uligeuka vita, damu ikamwagika na nyumba zikachomwa. Jambo hilo nalo ni sehemu ya historia yao, wala hatuna sababu ya kulificha. Baadaye walipita mashariki ya ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Wafipa. Msomaji anayesafiri leo kwa gari kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga huuona uwanda huo wa juu wenye upepo na nyasi. Wao waliupita kwa miguu, wakiwa na mzigo ambao vijiji vingi viliuogopa.

Mwezi Oktoba 1873 walipokaribia Tabora, Chuma alitangulia na barua iliyoandikwa na Jacob. Walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye aliwashauri wauzike mwili hapo hapo kwa sababu ya hatari za njia. Kwa kipimo cha zama zile, neno la Mzungu mwenye cheo lilikuwa karibu sawa na amri. Walimsikiliza kwa heshima, wakakataa. Mbele kidogo wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Vijana wakafunga mabua ya mtama yakaonekana kama maiti, wakawatuma wenzao kuyarudisha kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa vitambaa. Hila ikafaulu. Katika sehemu hiyo ya njia mtoto wa kike aliyeitwa Losi aliumwa na nyoka akafa. Yeye alizikwa njiani.

Walifika Bagamoyo mwezi Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi. Mwili uliwekwa kwa mapadri wa misheni, kisha ukavushwa kwenda Zanzibar. Watu wale walilipwa mishahara yao na kuruhusiwa kwenda zao. Jacob peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi London na kuwa miongoni mwa walioshika kitambaa chake katika mazishi ya tarehe 18 Aprili 1874, kanisani Westminster. Chuma na Susi walipofika Uingereza, mazishi yalikuwa yamekwisha. Jiwe la kaburi lile linataja mikono mwaminifu iliyomleta kwa nchi kavu na bahari, lakini halitaji jina la hata mmoja wao.

Tukiwa Wahindu tunaelewa uzito wa jambo walilolifanya. Antyeshti, yaani ibada ya mwisho, ni deni ambalo walio hai wanamlipia mtu asiyeweza tena kuwalipa. Majirani zetu Waislamu, Wakristo na wa dini za jadi wanalijua deni hilo pia. Ndiyo maana katika mkoa wetu msiba humkusanya kila mtu bila kuuliza dini yake. Chuma alisomea shule ya Kikristo, Susi alitoka katika Uislamu, wengine walilelewa Nasik, na wote walibeba mzigo mmoja.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali la wazee, tunalijibu hivi. Mtu anayetumwa na kulipwa hujifunza njia. Anayejigharamia hujifunza kushauriana, kugawana kidogo kilichopo, kumsubiri mgonjwa, na kumkatalia kwa adabu mkubwa anayetoa ushauri usiofaa. Mambo hayo ndiyo yanayojenga jumuiya, na hayafundishwi vizuri mtu akiwa amekaa nyumbani. Wazee nao wana haki ya kudai maandalizi, kwa sababu hata kundi lile shupavu halikufika lote.

Kwa vijana wetu tuna ombi moja. Siku mtakapovuka Nakonde na kuifuata barabara kuu kupitia Mpika, kumbukeni kwamba mnara wa Chitambo uko upande huo, na kwamba waliotoka hapo na mzigo begani walikuwa watu wenye majina. Tunayajua majina hayo kwa kiasi kikubwa kwa sababu masimulizi ya Chuma na Susi yaliandikwa, na kwa sababu Jacob Wainwright alikuwa na shajara yake. Nanyi andikeni: nani alikwenda, nani alichangia, nani aliugua, mliamua nini na kwa nini. Mkirudi, ileteni kumbukumbu hiyo hekaluni ihifadhiwe, ili watakaoandika chapisho la miaka ijayo wasilazimike kusema tu kwamba mikono fulani ilifanya kazi.